Matango kwenye vumbi la makumbi: majani yanaungua kingo, nifanyeje?

Swali: Mtaalamu, niko Kibaha. Nina kitalu nyumba cha mita 8 kwa 30 chenye mipira ya matone. Nyanya zilinishinda kwa ajili ya minyoo fundo (minyoo midogo ya udongoni inayotia mizizi mafundo), nikashauriwa nihamie kwenye mifuko. Nilinunua vumbi la makumbi ya nazi kwa wasokota kamba, nikachanganya ndoo tatu za vumbi na ndoo moja ya samadi ya ng'ombe, nikajaza mifuko 500 ya lita 15 na kupanda matango aina ya Ashley. Nalisha mbolea za NPK 17-17-17, urea kidogo, na CAN (kalsiamu amonia naitreti) ili nipate kalsiamu. Sasa ni wiki ya tatu tangu nipandikize: majani ya chini yanaungua kingo, majani machanga yamejikunja kama vikombe, matango madogo yanageuka njano na kudondoka. Nimeazima kipimo cha EC, kinachoonyesha wingi wa chumvi kwenye maji: maji ya kisima yanasoma 0.9, yanayotoka chini ya mfuko 4.6. Je, ning'oe? Na kama vumbi hili halifai, nitumie nini?

Jibu: Usingʼoe bado. Umepima maji yanayotoka chini ya mfuko, jambo ambalo wakulima wengi wa mifuko hawalifanyi hadi mwisho wa msimu, na namba hiyo ya 4.6 inajibu nusu ya swali lako. Tango halivumilii chumvi. Hata kwenye udongo wa kawaida mavuno yake huanza kupungua EC ya udongo ikishapita 2.5 hivi (EC zote humu ni za milisimensi kwa sentimita). Mizizi yako inakunywa maji yanayokaribia mara mbili ya kiwango hicho. Mmea wa namna hiyo unaweza kusimama ndani ya mfuko uliolowa chepechepe na bado ukanyauka saa 7 mchana, kwa sababu chumvi inayazuia maji yasiingie mzizini.

Chumvi hiyo imeingia kwa milango minne, na tuanze na ule mkubwa.

Wasokota kamba wa pwani hufukia makumbi kwenye matope au mchanga wa ufukweni kwa miezi kadhaa ili yaoze, kisha huyaponda wapate usumba, yaani nyuzi za kamba. Vumbi linalobaki chini ya magogo ya kupondea limelowekwa kwenye maji ya bahari muda wote huo. Kwa kamba hilo halina shida. Kwa tango ni balaa. Lakini hata makumbi ambayo hayajawahi kugusa bahari yana potasiamu nyingi na sodiamu ya kutosha kuleta matatizo, na si yote inayotoka kwa kusuuza. Chembe za vumbi hushikilia potasiamu na sodiamu juu ya ngozi yake. Maji matupu huondoa ile chumvi iliyo huru tu, iliyoshikiliwa hubaki. Siku utakapomimina kalsiamu, chembe zinaikamata kalsiamu na kuachia potasiamu na sodiamu mahali pake. Yaani wewe umetia kalsiamu juu, mmea umepokea sodiamu chini. Ndiyo maana kwenye mche mmoja unaona mambo mawili kwa pamoja: majani ya zamani yanaungua kingo kwa chumvi, na majani machanga yanajikunja kama vikombe kwa kukosa kalsiamu.

Mlango wa pili ni samadi. Robo ya mfuko kuwa samadi ya ng'ombe ni nyingi mno: ina chumvi zake, inatoa amonia, na chembe zake laini huziba nafasi za hewa. Kwenye mifuko tunakimbilia vumbi la makumbi kwa sababu linashika maji huku likiacha hewa. Ukilijaza samadi umeurudisha udongo kwa mlango wa nyuma.

Mlango wa tatu ni mbolea, na hapa CAN inahitaji maneno kidogo maana kosa hili limeenea sana. Jina lake lina neno kalsiamu, lakini kalsiamu iliyomo ni ya chokaa iliyosagwa, nayo haiyeyuki kwenye maji ya kawaida. Weka kijiko kimoja kwenye glasi, koroga, acha nusu saa: lile tope linalotuama chini ndiyo kalsiamu uliyoilipia. Kilichoyeyuka ni amonia naitreti. Unayoitaka wewe ni kalsiamu naitreti, punje nyeupe zinazoyeyuka zote na kuacha maji karibu safi, nayo ina nitrojeni asilimia 15.5 na kalsiamu asilimia 19 hivi. Urea nayo haifai hapa. Inategemea bakteria waigeuze, na kwenye mfuko wa vumbi jipya bakteria hao ni wachache; ikigeuka inakuwa amonia kwanza, na amonia nyingi huzuia tango kupokea kalsiamu. NPK 17-17-17 ya kurushia shambani imebeba fosforasi kupita mahitaji na mabaki yasiyoyeyuka, hayo hayo yatakayoziba matundu ya matone.

Mlango wa nne, maji ya kisima ya 0.9, si mabaya ya kukataliwa, ila yanakuachia nafasi ndogo. Tutayarudia.

Matango kudondoka kuna sababu nyingine juu ya chumvi. Ashley hutoa maua ya kiume na ya kike mbalimbali na lazima yachavushwe. Ndani ya neti hakuna nyuki. Ua la kike utalijua kwa kitango kidogo nyuma yake. Lisipopata chavua, hicho kitango hunyauka kuanzia nchani. Kwa msimu huu chavusha kwa mkono kabla ya saa 4 asubuhi: chuma ua la kiume lililofunguka siku hiyo, nyofoa petali zake, gusisha kile kijiti cha njano katikati ya ua la kike. Ua moja la kiume linatosha maua mawili au matatu. Kwa miche 500 hiyo ni kazi ya mtu mzima kila asubuhi, kwa hiyo msimu ujao ununue mbegu chotara za kitalu nyumba zinazozaa bila uchavushaji. Mbegu zake ni ghali na utazihesabu moja moja, lakini Ashley na Marketmore ni za shamba la wazi.

Kuokoa miche iliyopo

Acha NPK, urea na CAN leo. Tengeneza maji ya kusukumia chumvi: katika kila lita 100 za maji ya kisima weka gramu 80 za kalsiamu naitreti na gramu 30 za magnesiamu salfeti. Kipimo kitasoma karibu 2.0. Usitumie maji matupu, maana yatasuuza hata kidogo kilichopo na kuacha chembe zikiwa na njaa ile ile ya kalsiamu.

Kama matundu yako hutoa lita 2 kwa saa, fungua dakika 15, funga dakika 15, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4. Kila mfuko utapata lita 4, jumla lita 2,000 kwa asubuhi moja, ambazo ni kilo 1.6 za kalsiamu naitreti na gramu 600 za magnesiamu salfeti. Vipindi vifupi husukuma chumvi kuliko kumwaga yote kwa mkupuo, kwa sababu maji mengi ya ghafla hupenya kwenye mwanya mmoja na kutoka bila kugusa sehemu kubwa ya mfuko. Hakikisha mfuko una njia ya kutolea maji: mipasuo mitatu au minne ya sentimita 3 chini kabisa ubavuni. Rudia asubuhi mbili au tatu, ukipima maji ya chini kwenye mifuko mitano ya pembe tofauti za kitalu. Yakishuka hadi 2.8, anza chakula cha kawaida nitakachokieleza.

Siku hiyo hiyo ondoa maua na matango yote yaliyo chini ya sentimita 50 ya shina, pamoja na machipukizi ya pembeni. Mche uliochoka haubebi mtoto. Majani yaliyoungua hayaponi, kwa hiyo usiyatumie kupima maendeleo. Funga uzi mwekundu kwenye jani changa la juu kwenye miche kumi. Majani yatakayotoka juu ya uzi ndani ya siku saba ndiyo yatakayokupa jibu. Yakitoka bapa na ya kijani, umevuka. Mche ambao ncha yake imekauka, au ukichimbua mizizi unaikuta ya kahawia na ganda lake linachomoka ukilivuta, huo toa.

Chakula

Vumbi la makumbi ni chombo tu. Kila kirutubisho utakileta wewe kwenye maji, kila siku. Tumia ndoo mbili za lita 20 zenye mifuniko, A na B:

Ndoo A: kalsiamu naitreti kilo 1.8, na chuma cha chelati, yaani kilichofungwa kisigande (aina ya EDDHA ya asilimia 6), gramu 80.

Ndoo B: potasiamu naitreti gramu 900, magnesiamu salfeti gramu 900, monopotasiamu fosfeti (MKP) gramu 400, na mchanganyiko wa virutubisho vidogo (boroni, zinki, manganizi, shaba, molibdeni) kwa kipimo cha kwenye paketi kwa lita 2,000 za maji.

Yeyusha kila ndoo kivyake hadi ijae lita 20. Kwa kila lita 100 za maji ya kumwagilia weka lita 1 ya A, koroga, kisha lita 1 ya B. A na B zisikutane zikiwa nzito hata kwa kijiko kichafu: kalsiamu ikikutana na salfeti au fosfeti inaganda kuwa unga mweupe kama jasi, na unga huo hukaa kwenye matundu ya matone hadi uyatupe.

Mchanganyiko huo huongeza EC 1.8 hivi juu ya ile ya maji. Kwenye maji yako ya 0.9 itafika 2.7, ambayo kwa joto la Kibaha ni nyingi. Kwa hiyo weka mililita 750 za kila ndoo badala ya lita nzima, upate 2.2 au 2.3. Wiki ya kwanza baada ya kupandikiza shuka hadi nusu lita.

Afadhali zaidi ni kuchanganya maji ya mvua. Paa la mita 8 kwa 30 hukusanya lita 2,400 mvua ikinyesha milimita 10. Hata ukipoteza kiasi kwenye mifereji, lita 2,000 utazipata. Changanya nusu kwa nusu na ya kisima, maji yako yanashuka hadi 0.45 na unaweza kutumia kipimo kamili cha ndoo zote mbili. Matangi mawili ya lita 5,000 wakati wa vuli na masika yatakusaidia kuliko dawa yoyote ya majani utakayouziwa.

Pima na pH, yaani uchachu wa maji, pia. Lenga 5.8 hadi 6.2. Visima vingi vya pwani vina chokaa na husoma juu ya 7, na hapo chuma hakipatikani: majani machanga yanageuka njano huku mishipa ikibaki kijani. Tumia asidi ya fosforiki. Chota ndoo moja ya lita 20, tia asidi kwa bomba la sindano mililita moja moja huku ukipima, kisha zidisha kiasi hicho kwa tangi zima. Vaa glavu na miwani, na daima asidi iingie kwenye maji, si maji kwenye asidi.

Kumwagilia

Mche wa tango uliokomaa hunywa lita 2 hadi 3 kwa siku ya jua kali. Usimpe mara mbili kwa siku kama mchicha. Mpe mililita 300 kwa mara, yaani dakika 9 kwa tundu la lita 2 kwa saa, mara 8 hadi 12, kuanzia saa moja baada ya jua kuchomoza hadi saa moja na nusu kabla halijazama. Usiku mizizi inataka hewa.

Ni kiasi gani kinatosha utajua kwa beseni. Weka beseni pana chini ya mfuko mmoja, na chupa chini ya tundu moja la ziada. Jioni pima vyote viwili. Chupa ikiwa na lita 2 na beseni nusu lita, umetoa robo, ni sawasawa. Chini ya asilimia 20 chumvi inajilimbikiza. Zaidi ya 35 unamwaga mbolea ardhini. EC ya beseni isizidi ya chakula kwa zaidi ya 0.8. Ikizidi kwa siku mbili mfululizo, ongeza vipindi viwili vya maji kabla hujafikiria kubadilisha mbolea.

Mche ukinyauka mchana ilhali beseni linaonyesha maji tele na EC ya kawaida, chungulia mizizi. Mara nyingi ni uozo unaoletwa na vumbi laini mno lisilo na hewa, au mfuko mweusi uliopikwa na jua. Mfuko uwe mweupe nje, mweusi ndani.

Msimu ujao: kulitengeneza vumbi, na mbadala wake

Vumbi la wasokota kamba linaweza kufaa kama utakuwa na maji baridi ya kutosha na subira. Liloweke usiku kucha, lichuje, rudia mara tatu. Kisha kwa kila lita 70 za vumbi lililolowa, ambalo ndilo tofali moja la kilo 5 la kokopiti (vumbi la makumbi lililogandamizwa) ya dukani likishafumuka, mimina gramu 100 za kalsiamu naitreti zilizoyeyushwa kwenye lita 20 za maji. Liache saa 24, lisuuze mara moja. Jaribio: kikombe kimoja cha vumbi lililolowa, kikombe kimoja na nusu cha maji, koroga, subiri nusu saa, kamua na pima. Ukitoa EC ya maji yenyewe, kinachobaki kiwe chini ya 0.8. Kama kimezidi baada ya mizunguko miwili, shamba la minazi litalifaidi zaidi kuliko wewe. Tofali za dukani zilizoandikwa kuwa zimeoshwa nazo zipime. Maandishi ya mfuko hayana kipimo cha EC ndani yake.

Vumbi peke yake hukaa zito. Changanya sehemu saba za vumbi na tatu za vipande vya makumbi vya sentimita moja, au maganda ya mpunga yaliyochomwa. Maganda mabichi huoza, hula nitrojeni na huotesha mpunga. Yachome taratibu hadi yawe meusi, kisha yamwagie maji kabla hayajageuka majivu meupe, kwa sababu majivu hupandisha pH. Yasuuze mara mbili. Hayo kwako hayatakuwa mbali: yatafute kwenye mashine za kukoboa.

Pumisi, lile jiwe jepesi la volkano linaloelea majini, ni zuri kuliko yote kwa hewa na halina chumvi ya kuhangaisha. Mashamba ya maua ya Naivasha huko Kenya hulitumia kwa sababu liko jirani nao. Kwa mtu wa Mbeya au Arusha ningeanza nalo, la ukubwa wa milimita 3 hadi 8. Kwa Kibaha gharama ya lori itakumaliza. Kumbuka pia kwamba pumisi hushika maji machache, kwa hiyo vipindi vya kumwagilia huongezeka na umeme ukikatika mchana una saa chache tu.

Maranda ya mbao yanatumika, ila yawe ya msonobari usiotiwa dawa, yaliyokaa nje na kulowa miezi sita au zaidi. Wa Iringa na Mafinga wanayo kwa wingi. Ya mninga na mvule achana nayo. Mchanga wa ufukweni usiuguse kabisa: una chumvi, na vipande vya matumbawe vitapandisha pH msimu mzima.

Jambo moja ambalo hukuuliza lakini litaamua kama umeikimbia minyoo au umeihamisha tu. Mifuko yako imekaa juu ya nini? Kama imekaa moja kwa moja kwenye ule udongo wa nyanya, mizizi itapita kwenye mipasuo na kufuata minyoo yenyewe. Tandika nailoni nzito sakafuni, inua kila mfuko kwa tofali mbili, na maji ya ziada yakusanywe kwenye mfereji yatoke nje. Kitoroli na viatu vyenye tope la zamani vibaki mlangoni.

Ukivuna, chunguza mizizi ya mifuko kumi. Ikiwa myeupe na haina mafundo, vumbi linafaa kwa msimu mwingine baada ya kuondoa mizizi mikubwa na kusukuma chumvi upya kwa kalsiamu. Ukiona mafundo, mfuko huo na majirani zake isirudi kitaluni, wala vumbi lake usilimwage kwenye bustani ya mchicha au mgombani, kote huko minyoo fundo hushambulia. Litandaze chini ya mnazi. Potasiamu na kloraidi zilizokutesa ndizo mnazi unazozipenda.